Kuotesha mtini kwa pingili uani kwako

Mtini ni katika miti myepesi kabisa kuoteshwa kwa tawi, na hata hivyo pingili nyingi hufia mikononi mwa watu wanaozijali sana. Haziuawi na kiu. Huuawa na maji, tena mara nyingi wiki ileile mwenyewe anapofurahia majani mapya. Tawi lililokatwa hubeba chakula na maji ya akiba yanayotosha kufungua majani mawili matatu bila kuwa na mzizi hata mmoja. Anayeliona limechanua huamini limeshika, hulitoa kivulini, hulimwagilia kama mche, na siku kumi baadaye majani yamelala na gome limekuwa jeusi. Kazi kubwa ya kuotesha mtini ni kulivusha tawi katika kipindi hicho cha majani bila mizizi.

Mti wa kukata

Mtini tunaousema hapa ni Ficus carica, mti wa tini zinazotajwa katika Kurani na Biblia. Usiuchanganye na mkuyu. Jani la mtini kwa kawaida limegawanyika vidole vitatu hadi vitano, na ukilipapasa linakwaruza kama msasa. Tini zake huota moja moja au mbili mbili kwenye makwapa ya majani. Mkuyu una majani yasiyogawanyika, na matunda yake hujazana vishada vishada kwenye shina na matawi makubwa. Ni miti ya ukoo mmoja, pamoja na mfenesi, mshelisheli na mforosadi, ndiyo maana yote hutoa utomvu mweupe ukiikata.

Kabla ya kuchukua tawi kwa jirani, muulize jambo moja: tini za mti huo huiva, au hudondoka zikiwa ngumu na kavu? Zipo aina, hasa za kundi la Smyrna, ambazo haziivi mpaka nyigu mdogo aitwaye Blastophaga psenes aingie ndani ya tini na chavua aliyoitoa kwenye mtini dume. Wakulima wa California walipanda mitini ya Smyrna na kuona tini zikipukutika mwaka hadi mwaka, mpaka nyigu huyo alipoletwa na kushika makazi mwaka 1899. Kwa uani hutaki mti wa namna hiyo. Tafuta aina zinazoiva zenyewe bila chavua: Brown Turkey, Black Mission, Kadota, Celeste. Anayeanza aanze na Brown Turkey, kwa kuwa huzaa mapema na husamehe makosa. Lakini ukiwa pwani, penye unyevu na mvua za ghafla, angalia kitundu kilicho kwenye kitako cha tini. Kikiwa kipana, maji na wadudu huingia na tini huchachuka mtini. Celeste ina kitundu kilichofumba, na cha Kadota mara nyingi huzibwa na tone la utamu.

Mbegu za tini kavu za dukani ziache. Zikiota, karibu nusu ya miche itakuwa madume yasiyoliwa, na iliyobaki haitafanana na mama. Pingili, kwa upande wake, ni mti uleule uliouona ukizaa. Ujuzi huu ni wa kale: mwaka 2006 watafiti walieleza tini kavu zilizochimbuliwa Gilgal, katika bonde la Yordani, zenye umri wa zaidi ya miaka 11,000. Kwa maoni yao zilikuwa za aina isiyotoa mbegu za kuotesha, kwa hiyo mti wake ulihitaji mtu akate tawi na kulipanda.

Kagua majani ya mti mama. Yakiwa na mabaka ya manjano yasiyo na mpangilio, yenye kingo za rangi ya kutu, au yamejikunja na kupotoka umbo, huo ni ugonjwa wa virusi uitwao mozaiki ya mtini. Hauna dawa, na husafiri moja kwa moja ndani ya pingili. Baadhi ya miti huishi nao na kuzaa, lakini mche uliozaliwa nao huanza maisha ukiwa dhaifu. Ukiwa na hiari, kata kwingine.

Neno moja kwa walio na ndugu Oman au Falme za Kiarabu wanaotamani kuleta tawi kwenye begi: pingili ni mmea hai, na unahitaji kibali kabla ya kuingia nchini na cheti cha afya ya mimea kutoka ulikotoka. Kenya anayeshughulikia ni KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Tanzania ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mozaiki, kutu na minyoo ya mizizi husafiri kwa njia hiyohiyo ya begi.

Majira

Kata mti ukiwa umepoa, yaani wakati hautoi majani mapya. Nyanda za juu, kama Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya, huo ni Julai hadi katikati ya Agosti. Pingili zitashika mizizi hali ya hewa inapoanza kupata joto Septemba, na miche itakuwa kwenye viriba mvua za mwisho wa mwaka zikianza. Pwani mti haulali kabisa, lakini hupunguza mwendo miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, na tena kwenye ukavu wa Januari na Februari. Kipindi chochote kati ya hivyo kinafaa. Kukata katikati ya masika ni kujitafutia ukungu.

Tawi likipatikana kabla hujawa tayari, lifunge kwenye gazeti lililonyunyiziwa maji kidogo, tia mfuko wa plastiki, weka friji sehemu ya mboga. Hukaa salama wiki kadhaa. Gazeti liwe na unyevu tu. Likitiririka maji, utakuta gome limeota ukungu.

Kukata pingili

Vaa glavu na shati la mikono mirefu. Utomvu wa mtini ukikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, huleta malengelenge na madoa meusi yanayodumu wiki nyingi. Ukikurukia, osha papo hapo kwa sabuni, na watoto wasikae karibu.

Safisha mkasi wa kupogolea kwa spiriti, au kwa jiki kipimo kimoja katika vipimo tisa vya maji, na urudie unapohama mti mmoja kwenda mwingine. Chagua tawi la mwaka uliopita: gome limeshageuka kahawia au kijivu, unene ni kati ya kalamu ya risasi na kidole gumba. Ncha za kijani kibichi zina maji mengi na huoza. Mbao nene za zamani huchelewa. Sehemu nzuri ni ile ya chini ya tawi, ambako vifundo vimekaribiana.

Kifundo cha mtini kinaonekana wazi: mstari unaozunguka tawi kama pete, jicho lililochongoka, na kovu la jani lililoanguka. Kovu hilo huwa chini ya jicho, kwa hiyo hata pingili ikichanganyika na nyingine utajua upande upi ni juu. Hilo lina maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu pingili iliyopandwa kichwa chini hukaa wiki nyingi bila kufa wala kuota, ikikupotezea msimu.

Kata pingili ya sentimita 15 hadi 20 yenye vifundo vitatu au vinne. Chini kata mlalo, mkato usioinama, nusu sentimita tu chini ya kifundo, kwa kuwa mizizi hutoka kwa wingi hapo. Juu kata mshazari, sentimita 1 au 2 juu ya jicho. Ondoa majani yote na vitini vidogo vyote, hata vya ukubwa wa punje ya choroko. Kisha kwa ncha ya kisu kikali chora mistari miwili ya sentimita 2 kwenye gome la upande wa chini, uguse gome tu bila kuingia kwenye mti.

Osha utomvu kwa maji yanayotiririka, halafu laza pingili kivulini usiku mmoja ili kidonda kikauke. Asubuhi yake yeyusha kipande cha mshumaa na uchovye ncha ya juu, sentimita 1, kwa sekunde moja. Nta inazuia pingili isikaukie kwa juu.

Poda ya homoni ya mizizi yenye IBA huharakisha kidogo, hasa kwa mbao iliyokomaa sana, lakini mtini unaweza bila hiyo. Asali, mdalasini na shubiri vinasifiwa sana. Hakuna kimojawapo kitakachookoa pingili iliyokaa kwenye tope.

Kata zaidi ya unazohitaji. Ukitaka miti miwili, otesha pingili sita.

Chombo na mchanganyiko

Chombo bora kuliko vyote hugharimu bure: chupa ya maji ya lita 1.5 inayopenya mwanga, kwa sababu inakuonyesha mizizi bila kuchimbua. Ikate sentimita 20 kutoka chini. Kwa msumari uliopashwa moto toboa matundu manane, manne kitakoni na manne pembeni karibu na kitako. Ile sehemu ya juu usiitupe. Itakuwa kofia, na kifuniko chake ndiyo dirisha la hewa.

Mchanganyiko usiwe na rutuba. Samadi, mboji na mbolea ya dukani hapa havina kazi, kwa kuwa hakuna mizizi ya kuvila, ila vijidudu vya uozo vipo na vitavila. Changanya vumbi la makumbi ya nazi kipimo kimoja na mchanga wa mto kipimo kimoja. Usipopata makumbi, tumia pumba za mpunga zilizochomwa hadi zikawa nyeusi, kabla hazijageuka jivu. Mchanga wa baharini haufai. Hata makumbi ya pwani yawe na shaka kwako: kule Zanzibar, makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa ufukweni miezi mingi, na vumbi lake hubeba chumvi. Loweka na kukamua mara tatu kwa maji baridi. Mchanga mimina maji ya moto yanayochemka, uache upoe. Kwa chupa sita ndoo ya lita 10 inatosha.

Sasa unyevu, na hapa usikimbie. Tia maji kidogo kidogo huku ukichanganya kwa mkono. Chukua konzi moja, ikamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, na ukifungua mkono bonge likabaki bila kumomonyoka, hapo ndipo. Yakichuruzika, umezidisha, tandaza juani saa moja na ujaribu tena. Bonge likivunjika kabla hujafungua mkono, ongeza kidogo.

Jaza chupa bila kushindilia. Kwa kijiti chenye unene wa pingili toboa shimo kwanza, ili gome lisichubuke, kisha ingiza pingili hadi vifundo viwili au vitatu viwe ardhini na jicho moja libaki juu, sentimita 4 au 5. Bana taratibu kwa vidole viwili ili kusibaki pengo la hewa. Mwaga sentimita 1 ya mchanga mkavu juu. Unawazuia wale vijimbu weusi wa vyungu wasitage, kwani mabuu yao hula mizizi michanga. Visha kofia na kifuniko chake, zungushia chupa gazeti au mfuko mweusi, andika aina ya mti na tarehe.

Usimwagilie. Maji uliyotia wakati wa kuchanganya yanatosha.

Wiki nane za kungoja

Weka chupa penye mwanga mwingi lakini jua lisipige kabisa: barazani, chini ya paa la nyuma, au ndani karibu na dirisha. Chupa yenye kofia ikiachwa juani saa moja mchana wa Dar es Salaam hupika kilichomo. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 20 na 27. Pwani unalo bila jitihada. Nairobi mwezi wa saba zilete chupa ndani usiku, karibu na jikoni, maana kwenye baridi pingili haioti wala haikauki, inaoza polepole.

Wiki mbili za kwanza huoni kitu. Jambo la kujifunza ni uzito. Siku ya kwanza inua kila chupa na uukumbuke mkono wako ulivyohisi, kisha inua kila baada ya siku tatu. Chini ya kofia chupa inaweza kukaa siku 14 bila kuhitaji tone. Ikipungua uzito sana na mchanganyiko ukipauka hadi sentimita 3 chini, isimamishe kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 3 kwa dakika kumi, itoe, iache ichuruzike yote. Maji ya kupanda kutoka chini hulowesha palipokauka tu.

Kofia ikiwa na ukungu mwepesi wa mvuke asubuhi, hali ni nzuri. Matone makubwa yakiteremka mchana kutwa, fungua kifuniko kwa siku moja au mbili.

Wiki ya pili au ya tatu jicho hupasuka, na jani dogo lililokunjwa kama ngumi ya mtoto hutoka. Hapa ndipo penye mtego. Fungua gazeti utazame ubavuni mwa chupa. Kama huoni nyuzi nyeupe, jani hilo linakula akiba, na halina linachorudisha. Usiongeze maji na usiondoe kofia. Yakitoka majani matatu au zaidi, bakiza mawili, na lililo kubwa likate nusu kwa mkasi ili lipunguze kutoa maji. Kitini kikitokea, kinyofoe siku hiyohiyo.

Kwenye gome lililo chini ya ardhi dalili ya kwanza ni vidutu vyeupe, vidogo kama ufuta, vimetawanyika kati ya vifundo. Watu huvidhania ukungu na kuvifuta. Viache, mizizi hutokea humo na kwenye vifundo. Ukungu wenyewe una manyoya, unateleza, na hutanda juu ya gome. Ukiuona sehemu iliyo nje ya udongo, ufute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo na uache kifuniko wazi siku tatu.

Wiki ya nne hadi ya sita mizizi hugusa plastiki: minene, meupe, inapinda ukutani mwa chupa kama tambi zilizoiva, na hukatika kirahisi vilevile. Rudisha gazeti na ungoje. Mizizi hiyo inapaswa igawanyike, itoe vijimizizi vya pembeni, na ile ya kwanza igeuke rangi ya kahawia isiyoiva. Huchukua wiki mbili tatu nyingine, na kuzingoja ndiko kunakotenganisha wanaopata miti na wasiopata.

Majani yakinyauka katika kipindi hiki, inua chupa kabla ya kufanya lolote. Nyepesi: ina kiu, ipeleke kwenye beseni. Nzito: mizizi haipo au inaoza, na maji zaidi yataimaliza, ondoa majani, fungua kifuniko, ipeleke penye hewa. Majani kuanguka bado si kifo. Kwaruza gome kwa ukucha: penye kijani na majimaji, mti upo. Penye rangi ya kahawia iliyolainika na harufu ya kuchacha, tupa pingili na mchanganyiko wake, na chupa uioshe kwa jiki.

Kutoa kofia na kuhamisha

Mizizi ikishatawi, mzoeshe mche hewa ya nje hatua kwa hatua. Siku tatu ondoa kifuniko peke yake. Siku tatu nyingine inua kofia kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili jioni. Kisha iondoe moja kwa moja. Jani lililokulia kwenye mvuke ni laini, na likitolewa ghafla kwenye upepo mkavu hukunjamana siku hiyohiyo.

Karibu wiki ya nane hadi ya kumi hamishia kwenye kiriba cha sentimita 20 kwa 30 au ndoo yenye matundu. Hapa tumia udongo wa juu vipimo vitatu, samadi iliyooza kabisa kimoja, mchanga kimoja. Usivute pingili. Pasua chupa kwa wembe pande mbili kuanzia juu hadi chini, ifungue kama ganda, uweke bonge zima kwenye kiriba bila kulitikisa. Mchanganyiko uwe na unyevu kidogo siku hiyo, kwa sababu mkavu humomonyoka na kuondoka na mizizi. Mwagilia nusu lita.

Wiki moja kivulini, wiki moja jua la asubuhi hadi saa nne, kisha jua lote. Baada ya miezi mitatu hivi mche una urefu wa sentimita 50 na shina nene kama kidole, na unaweza kwenda ardhini mvua zinapoanza.

Mahali pa kudumu

Mtini unataka jua lisilopungua saa sita kwa siku na udongo usiotuamisha maji. Mizizi yake hutafuta maji kwa nguvu, basi upande mita 3 au zaidi kutoka ukutani na mita 5 kutoka shimo la choo na mabomba. Udongo wa chokaa ya matumbawe wa Mombasa, Lamu au Unguja, unaowashinda miti mingi ya matunda, mtini unauweza, na unavumilia chumvi kiasi. Kwenye udongo mwekundu wenye asidi changanya konzi mbili za chokaa ya kilimo katika shimo.

Chimba sentimita 60 kila upande, tenga udongo wa juu, uchanganye na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, rudisha, uache wiki mbili utulie. Panda kina kilekile cha kiriba. Tandaza nyasi kavu za kina cha sentimita 8 kuzunguka mti, ila ziache kiganja kimoja mbali na shina, maana mchwa na uozo huanzia hapo.

Adui mkubwa kwenye mchanga wa pwani haonekani kwa juu. Ni minyoo fundo, wanaoingia mizizini na kuivimbisha vinundu vinundu. Mti hukaa mdogo, hunyauka adhuhuri hata udongo ukiwa na maji, na tini hupukutika. Ukinunua mche, omba kuona mizizi kabla ya kulipa. Wenye vinundu uache hapohapo. Usipande palipokuwa na nyanya, bamia au biringanya msimu uliopita, kwa sababu hao ndio wenyeji wa minyoo hao. Mboji nyingi na matandazo ya kudumu hupunguza makali yao. Palipochafuka sana ni bora kupanda kwenye nusu pipa ya lita 100 yenye matundu na udongo safi, iliyoinuliwa juu ya matofali ili mizizi isishuke ardhini. Mtini haukasiriki kubanwa mizizi. Huzaa vizuri tu. Kila miaka miwili au mitatu utoe, upunguze mizizi ya pembeni kwa panga, urudishe na udongo mpya.

Maji, samadi na mkasi

Miezi mitatu ya kwanza mpe lita 10 mara mbili kwa wiki mvua isiponyesha. Mti mkubwa wakati wa kiangazi unataka lita 20 hadi 40 kwa wiki, na zije kwa mpango. Kukausha kisha kufurika ndiko kunakopasua tini na kuziangusha.

Debe moja la samadi mwanzoni mwa kila mvua linatosha. Urea na mbolea nyingi ya kuku huleta majani mapana kama sahani, matawi laini yanayovunjika, na tini chache.

Mche ukifika sentimita 80, kata ncha yake ili utoe matawi, kisha chagua matatu au manne yaliyotazama pande tofauti. Mtini huzaa kwenye chipukizi jipya, kwa hiyo kila mwaka baada ya mavuno, katika miezi mikavu, punguza matawi kwa theluthi moja na uuache mti usizidi mita 2, urefu unaoufikia bila ngazi. Mwaka wa kwanza vunja tini zote zinazojitokeza. Mti uliopandwa kwa pingili hujaribu kuzaa ungali mwembamba, na huchelewa kukua ukiruhusiwa.

Kutu, vipekecha na ndege

Wakati wa mvua angalia upande wa chini wa majani. Vidoa vidogo vya manjano vinavyogeuka unga wa rangi ya kutu ni ugonjwa wa kutu ya mtini, na pwani unaweza kuuvua mti majani yote wakati wa masika. Kusanya majani yaliyoanguka na uyachome au kuyafukia mbali, fungua matawi ya katikati hewa ipite, mwagilia chini bila kulowesha majani. Mti uliougua mwaka jana upuliziwe dawa ya ukungu ya shaba mvua zinapoanza, kwa kipimo cha kwenye lebo, kabla unga haujatokea; baada ya hapo dawa hufukuzana na hasara.

Ungaunga kama wa mbao chini ya shina maana yake kuna kiwavi wa mbawakawa anayetoboa ndani. Fuata tundu kwa waya laini wa chuma mpaka umguse, umchome, kisha ziba kwa udongo wa mfinyanzi. Tawi lililojaa matundu likate.

Ndege, popo na nzi wa matunda hujua tini imeiva kabla yako. Tini inapoanza kubadilika rangi, ivishe kifuko cha kitambaa chepesi cha pazia na ufunge kwenye kikonyo. Zile zilizodondoka na kuoza ziondolewe kila siku, kwa kuwa humo ndimo nzi huzaliwa.

Kuchuma

Tini haiivi ikishachumwa, tofauti na ndizi au embe. Ikitoa maziwa meupe kwenye kikonyo, umeiwahi, na itabaki ngumu isiyo na utamu hata ukiifukia kwenye mchele wiki nzima. Iliyo tayari huinamisha shingo, hulainika ukiibonyeza kama sikio, na ngozi hupata nyufa nyembamba. Nyingine hutoa tone la utamu kitakoni. Chuma asubuhi, na kikonyo chake, umevaa glavu. Zipange safu moja tu kwenye sahani, zisilaliane, na friji hazikai zaidi ya siku mbili tatu.